Mstari Ambao Haukuwa Wangu

Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na moyo unaovuja damu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, digrii ya fasihi, kazi ya ualimu iliyonichosha kabla sijaizoea, na gitaa nililouziwa na mtu aliyekuwa anahama. Nilikwenda kuuimba gerejini kwa Mzee Lazaro, fundi wa magari, kwa sababu niliambiwa hakuna Arusha nzima anayepiga gitaa kama yeye. Nilimkuta amelala chini ya pikapu, naona miguu tu. Nikaimba beti zote sita. Miguu haikusogea. Kisha sauti ikatoka chini ya gari.

"Mwalimu, unavuja wapi?"

"Nini, mzee?"

"Huo moyo wako. Mtu akija hapa akaniambia gari linavuja, namuuliza: mafuta au maji? Doa liko upande gani? Wewe umeimba robo saa nzima, na mimi bado sijui nichukue spana namba ngapi."

Nilimjibu kwa Kiswahili cha chuo kikuu kwamba moyo ule ulikuwa ni sitiari. Akatoka chini ya gari taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama.

"Sitiari," akasema. "Hiyo spea sina."

Wadogo zangu mnaotunga nyimbo siku hizi, mnaonitumia sauti zenu kwenye simu na ujumbe wa "shikamoo legend, naomba usikilize hii": nasikiliza zote. Nyingi zinavuja. Lakini swali mnalolirudia ni jingine. Mnauliza kwa nini niliacha, wakati sauti ninayo, vidole ninavyo, na nywele pia kidogo. Nitawajibu, ila nitazunguka. Kuzunguka ndiko kulikonilisha miaka ishirini na mbili. Unampitisha msikilizaji kwenye vitu vidogo vidogo mpaka anasahau kwamba mnakwenda mahali pabaya.

Niseme kwanza ilikuwa kazi gani, maana wengine mnadhani nilikuwa napigia watalii muziki wa chakula cha mchana. Hilo nalo nililifanya, na sitaki kulizungumzia. Kazi yangu hasa ilikuwa nyimbo za kisa, kwa mtindo wa kantri. Zamani, Lazaro aliwahi kuwa fundi wa mzungu mmoja mtaalamu wa kahawa, mtu wa kusini mwa Marekani, aliyeishi chini ya Mlima Meru. Mzungu alipoondoka alimwachia katoni ya kaseti na gitaa lenye ufa. Uzi wa sita ulipokatika, Lazaro aliweka waya wa breki ya baiskeli, na ulikaa hapo miaka yote niliyomfahamu. Baada ya mzungu aliendesha malori kwa muda, akaacha, akafungua gereji. Sikuwahi kumwona akishika usukani. Gari la mteja likitakiwa kujaribiwa barabarani, alimwita mwenye gari aendeshe, yeye akakaa pembeni akisikiliza injini kwa macho yaliyofumbwa. Nilidhani ni maringo ya ufundi.

Kantri ya kaseti zile haikuwa ile ya kofia nyeupe na viatu vinavyong'aa. Ilikuwa kantri ya pembeni, ya waimbaji ambao hata redio za kwao ziliwapita, wenye sauti za watu waliolala vibaya. Waliimba mashamba yaliyouzwa, mito iliyofurika, mtu aliyemuua mwenzake na sasa anaeleza shati alilovaa siku hiyo. Lazaro hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani wake. Nikikaa juu ya tairi bovu namtafsiria mstari kwa mstari, niligundua kwamba wale watu hawasemi wanachohisi. Wanasema jiko lilizimika. Wanasema barua iko chini ya sahani, na mbwa hakubweka. Kulia wanakuachia wewe.

"Umeona?" Lazaro aliniuliza. "Wanakuonyesha doa tu. Bomba unalitafuta mwenyewe."

Basi nikajifunza. Nawapa bure, ingawa mimi nililipia kwa kusukuma magari mengi yasiyowaka. Taja kitu, na ukitaje kwa rangi yake. Taja mahali, hata kama ni duka la kona ambalo hakuna anayelijua, maana msikilizaji wa Mbeya akisikia jina la kona ya Arusha anaamini kwamba ulikuwepo. Kiitikio kiwe na maneno yale yale mwanzo mpaka mwisho, lakini beti zikibadilishe maana, ili kikirudi mara ya tatu mtu asikie kama hajawahi kukisikia. Mstari mzito kuliko yote uimbe kama unamwambia mtu chakula kiko mezani. Na usilie kabla ya msikilizaji. Ukilia wewe, yeye anabaki anakutazama.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa mambo hayo yote. Kilichonishinda ni neno "mimi".

Kwenye kaseti zile mwimbaji anasema "mimi" na kumbe ni mfungwa, au mjane, au mlevi aliyeuza mazao. Kesho yake anaimba "mimi" mwingine. Wa kwao wanaelewa. Huku kwetu, ambako wote tumekulia kwenye fellowship za kanisani, mtu akisimama mbele ya watu akafungua mdomo na kusema "mimi", huo ni ushuhuda. Hajavaa joho la mtu mwingine. Anatubu, na ninyi mnatakiwa mumwombee.

Sikulifikiria hilo siku nilipoimba Moshono, kwenye sherehe ya kumbukumbu ya ndoa ya rafiki yangu, wimbo wa mtu aliyeuza ng'ombe wa mke wake akanywea pombe. Watu walisikiliza kimya kabisa. Nikajua nimewapata. Jumatatu asubuhi wamama watatu wa kanisani wakapiga hodi nyumbani kwangu na sukari kilo mbili, unga, na Biblia. Walikuja kumfariji mke wangu. Mke wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata kuku, aliwakaribisha, akainamisha kichwa akaombewa, akapokea sukari. Aliniambia baadaye kwamba kukataa kungewavunja moyo.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaitisha kikao. Nikajitetea kwamba ule ni utunzi tu, hakuna ng'ombe. Mjomba wa mke wangu, mzee mtaratibu, akaniuliza kama anayetaka kunisaidia:

"Huyo ng'ombe, baba, alikuwa rangi gani?"

"Mwekundu, ana baka jeupe begani," nikajibu papo hapo. Miaka mingi ya kufundishwa kutaja rangi ilikuwa imeingia kwenye damu.

Kikao kikaguna. Nililipishwa faini ya mbuzi kwa ajili ya ng'ombe ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Nilipomsimulia Lazaro, nilitegemea acheke mpaka aangushe spana. Alicheka, lakini kidogo, kisha akasema jambo nililoliandika kwenye daftari nikiliona la kiufundi: "Ukisema 'yule mtu', unasimulia. Ukisema 'mimi', unabeba."

Daftari lile ni muhimu, kwa hiyo nilieleze. Ninyi mnaandika kwenye simu. Mstari ukiwa mbaya mnaufuta kwa kidole na haujulikani ulikuwepo. Sisi tulikata kwa kalamu, na mstari uliokatwa ulibaki pale pale ukikutazama. Nina madaftari kumi na saba ya namna hiyo kwenye boksi la viatu na jingine la televisheni. Mwandiko wa kila mtu aliyewahi kunirekebisha umo.

Siku moja nilimpelekea Lazaro wimbo mpya. Nilikuwa nimesoma habari fupi gazetini, mistari minne tu chini ya tangazo la mbegu: dereva asiyejulikana amemgonga mwenda kwa miguu na kutoroka. Nikatunga wimbo wa dereva huyo. Aliyegongwa nilimfanya mzee mwenye baiskeli. Dereva nilimwita "yule". Kiitikio nilikuwa nacho, na mpaka leo sikionei aibu:

*Njia haina macho,*
*mimi ninayo mawili.*

Mara ya kwanza kinasikika kama dereva anatoa udhuru, kwamba barabara haikuona, nani atajua. Mwishoni kinageuka. Yeye ndiye shahidi pekee na hawezi kujikimbia. Hiyo "mimi" ya kiitikio ilikuwa inagombana na "yule" wa kwenye beti, na nilijua kuna kitu hakijakaa sawa.

Ilikuwa alasiri, gereji haina mteja. Lazaro alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza inavuja wapi. Alinyoosha mkono akachukua daftari, akatoa penseli sikioni, akaanza kuandika mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikata "yule" kila mahali akaandika "mimi". Akamkata mzee na baiskeli yake, akaweka mtoto wa kike anayepeleka maziwa asubuhi. Akampa kidumu cha bluu ambacho mpini wake umeviringishwa kitambaa cha kitenge, "kwa sababu plastiki inakata mkono," alisema. Halafu akaandika mstari huu:

*Nilishuka, nikasimamisha kidumu, nikafunga kifuniko.*

"Mzee," nikamwambia, "kwa nini asimamishe kidumu, asimwinue mtoto?"

"Kwa sababu kidumu ndicho alichoweza."

Nywele zilinisimama. Nikachukua kalamu niongeze jina la mahali, kama alivyonifundisha. Akanishika mkono.

"Huu uache bila mahali."

"Lakini wewe ndiye uliyesema..."

"Huu uache."

Nikaona hapo ndipo mwalimu anapovunja kanuni yake kwa makusudi, ufundi wa juu kabisa. Nikamwambia, "Mzee, huu mstari ni mzuri sana." Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayesubiri niendelee. Nilikuwa tayari natafuta noti zake kwenye gitaa.

Wimbo ule ndio ulionipa jina. Niliuimba Njiro kila Jumapili mchana, mbele ya watu wanaokula nyama choma, na wakifika kwenye kidumu waliacha kutafuna. Ukarekodiwa, ukasambaa kwenye simu, ukafika redioni. Mtangazaji akaniita studio, akaniuliza: "Ile picha ya kidumu, mwalimu, uliitoa wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilichosema ni kwamba nilikuwa nimekaa kibarazani asubuhi moja, naitazama Meru inavyotoka kwenye mawingu, na picha ikanijia yenyewe, kama zawadi. Nilisema "kama zawadi". Nilipunguza na sauti.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, mke wangu akaniita sebuleni. Alikuwepo mama mmoja mwenye sweta la kijivu na mfuko wa plastiki mapajani. Nilidhani ni mwingine wa kuniombea.

"Mwalimu, mimi ni Mama Anande, natoka Moshono," akasema. "Wimbo wako nimeusikia mashineni, nasaga mahindi. Nilimwambia mwenye mashine azime mota nisikie vizuri. Akazima. Watu walinilalamikia sana."

Nikacheka, nikamshukuru. Nilikuwa nimezoea sifa, hata zikija na unga.

Hakucheka. Akafungua mfuko, akatoa kidumu, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa cha bluu, bluu iliyopauka mpaka kukaribia nyeupe. Mpini ulikuwa umeviringishwa kitambaa cha kitenge kilichobaki nyuzi.

"Hicho kitambaa nilikifunga mimi. Anande alikuwa na miaka kumi, alikuwa analalamika mpini unamkata. Alikuwa anapeleka maziwa kwa mteja, saa moja asubuhi. Walioniita walisema ni tipa la moramu, lilikuwa linatoka machimboni, halikusimama. Nilipofika walikuwa wameshamfunika." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Kidumu kilikuwa pembeni kwenye majani. Kimesimama. Kimefungwa. Hakuna aliyeniuliza habari za kidumu, na mimi sikumwambia mtu. Miaka ishirini na mitatu najiuliza, nani alikisimamisha? Kidumu hakigongwi na tipa kikasimama. Kwa hiyo lilisimama. Mtu alishuka."

Mke wangu akamsogezea kikombe cha chai.

"Sasa wewe," akasema, "unaimba 'nilishuka'."

"Mama, huyo 'mimi' si mimi. Mwaka huo nilikuwa Dar, mwanafunzi. Hata baiskeli sikuwa nayo."

"Sawa. Redioni ulisema ulikuwa unautazama mlima." Akanitazama usoni. "Ni mlima uliokuambia habari za kitambaa?"

Ningependa kuwaambia kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni huruma. Kitu cha kwanza nilichohisi ni aibu ya kukamatwa nimeiba mstari. Huruma ilikuja ya pili. Ya tatu ikaja hofu, kwa sababu nilikwishajua mstari ule nimeuchukua kwa nani.

"Nipe siku mbili, mama," nikasema.

"Nimekaa ishirini na mitatu. Chukua mbili." Akarudisha kidumu mfukoni, akamshukuru mke wangu kwa chai ambayo hakuinywa.

Daftari nililipata kwenye boksi la televisheni. Penseli ilikuwa imefifia lakini inasomeka, na pembeni ya mstari wa kidumu kulikuwa na alama ya dole gumba la grisi. Watu wa kikao walisikia utunzi wakadhani ni ungamo, nikawacheka miaka yote, kila nilipokaa na wasomi wenzangu. Mimi nililetewa ungamo, kwa maandishi, na aliyeliandika amekaa mbele yangu, nikadhani ni utunzi. Nikalisifu.

Lazaro alikuwa amekwishafunga gereji. Anaishi Terrat kwa mwanawe, kifua kinamsumbua, siku nzima anakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Mkwe wake alinikaribisha, akaenda kuanua nguo. Nilimwamkia mzee, nikaweka daftari magotini kwake, limefunguliwa ukurasa ule. Nikamwambia nani alikuja kwangu na alikuwa amebeba nini.

Alipitisha kidole juu ya mstari wa penseli. Halafu akauliza:

"Kitambaa bado kipo?"

"Kimebaki nyuzi."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za ndugu aliye mbali.

"Nilifikiri ungeniuliza siku ile ile," akasema. "Nilikuandikia kila kitu, ikabaki namba ya gari tu. Nikasema, huyu amesoma, lazima atauliza, mzee, umejuaje habari za kitambaa? Nikakusubiri. Na wewe ukasema, 'Mzee, huu mstari ni mzuri sana.'"

"Ungeniambia tu, mzee."

"Kama ningeweza kukuambia, nisingekuandikia."

Nje mkwe wake alikuwa anakung'uta shuka.

"Mlete," akasema.

Nilimleta Mama Anande keshokutwa yake, saa tisa mchana. Nilibeba na gitaa. Msiniulize kwa nini. Nadhani nilikwenda nalo kama mtu mwingine anavyokwenda na mwavuli. Mama alikaa kwenye kiti nilichomvutia, mfuko wake mapajani, sweta lile lile. Lazaro alimsalimia, akafungua mdomo kuendelea, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Mwishowe akanigeukia.

"Mwalimu, mwimbie. Mle mote nimesema."

Nami, Mungu anisamehe, nikalishika gitaa.

"Hapana," akasema Mama Anande. "Wimbo nimeusikia. Wimbo wenu una mwisho mzuri. Nataka aseme yeye, bila gitaa."

Basi akasema. Wadogo zangu, miaka yote hiyo nilijivunia kwamba najua kisa kinavyosimuliwa, na sijawahi kusikia kisa kilichosimuliwa vibaya kama kile. Alianzia katikati. Alirudi nyuma. Alisema kulikuwa na ukungu, kisha akasema hapana, ukungu ulikuwa juu tu, barabarani alikuwa anaona. Alisema breki za tipa lile alizijua tangu juzi yake kwamba zimelegea. Yeye mwenyewe, fundi, alizijua, na alisema atazifunga Jumamosi. Alikohoa kati ya maneno. Akafika pale kwenye mstari wangu.

"Nikashuka. Alikuwa anaongea."

Kwenye wimbo mtoto alikuwa amekwishanyamaza. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli, ilikaa vizuri.

"Alikuwa anaongea?" Mama Anande akauliza.

"Alisema maziwa yanamwagika. Alisema, 'Yasimamishe, mama atanigomba.' Nikakisimamisha. Kifuniko kilikuwa kimetoka, nikakitafuta kwenye majani, nikafunga. Nikamwambia, tayari, nimefunga." Akapumua. "Akasema asante."

Mama Anande alikaza mfuko mapajani.

"Halafu?"

"Halafu nikaona watu kwa mbali, wanakuja. Nikapanda gari."

"Alikuwa anaongea, na wewe ukapanda gari."

"Ndiyo, mama."

Nilisubiri amlaani, au alie, au amsamehe, kwa sababu beti zote nilizowahi kutunga zinaishia kwenye moja ya hayo. Alipozungumza, hakuwa anatuambia sisi.

"Ni kweli," akasema. "Ningemgomba."

Akasimama. Akatoa kidumu mfukoni, akakagua kifuniko kama kimekaza, akakiweka chini, wima, karibu kabisa na mguu wa kiti cha Lazaro. Akatoka.

Nilimfuata mpaka barabarani, gitaa linanigonga mgongoni. Nilitaka kusema kitu. Yeye akanitangulia.

"Uimbe, usiimbe, hiyo ni kazi yako, Mwalimu. Lakini usiseme tena ni mlima."

Nilirudi Njiro naendesha taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha. Nilikuwa na huzuni ya kweli, nawaapia. Nilipofika kwenye mataa nikasimama, nikagundua vidole vyangu vinagonga usukani. Nilikuwa nahesabu mizani. *Akasema asante*: mizani saba, inaingia ubeti wa tatu kabla ya kiitikio, na ukiimba polepole kama mtu anayesema chakula kiko mezani, hakuna atakayetafuna tena Njiro. Ulikuwa mstari bora kuliko wote niliowahi kupewa. Na nilikuwa nimeshaupatia mahali.

Gari la nyuma likanipigia honi. Nikaendelea. Gitaa nililipeleka darini siku hiyo hiyo, na hilo ndilo jibu la swali lenu.

Sisemi nanyi muache. Tungeni. Lakini mtu akikupa mstari unaokusimamisha nywele, na akakutazama kama anasubiri, usiusifu. Weka kalamu chini umuulize amejuaje.

Lazaro aliomba apelekwe kituo cha polisi, nikampeleka mimi. Wakaandika maelezo yake, wakamwambia arudi nyumbani, ataitwa. Anasubiri. Namtembelea kila mwezi. Hatuongelei muziki. Kidumu kiko pale pale alipokiweka mama yule, na mkwe wa mzee akifagia anapitisha ufagio kukizunguka. Mwezi uliopita alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kukitumia, maana ni kizima na vidumu vyake vimepasuka.

"Muulize mzee mwenyewe," nikamwambia.

Alitazama mlangoni, akamwona alivyokaa, miguu yote miwili ameivuta upande mmoja ili asikiguse. Akarudi jikoni bila kuuliza.